Kupiga Samaki kwa Bunduki ya Mshale Marekani: Mwongozo Kamili wa Sheria za Majimbo na Vifaa

Mtu aliyekulia Shimoni, Gazi au Mafia akihamia Florida, hushangaa kuona bunduki za samaki zimetundikwa dukani mchana kweupe, pembeni ya miwani ya kuzamia na mapezi. Kwetu bunduki hiyo inafichwa ndani ya gunia chini ya mtumbwi. Huku unalipia kaunta na kupewa risiti. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kudhani kinachouzwa waziwazi kinatumika popote.

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayosema bunduki ya mshale ni halali au ni haramu. Kwa sheria za shirikisho haihesabiwi kuwa silaha ya moto, kwa kuwa haitumii baruti. Kinachobaki ni sheria za uvuvi, na hizo kila jimbo lina zake. Mwongozo huu umeegemea Florida, kwa sababu ndiko wazamiaji wengi waliko na kanuni zake zimeandikwa kwa undani, lakini nitapita pia California, Hawaii na Texas pale zinapotofautiana kwa namna inayoweza kukugharimu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuuliza swali kinyumenyume. Mtu anauliza, "Samaki huyu anaruhusiwa kupigwa?" wakati hajajua maji aliyomo ni ya nani. Anza na maji, kisha leseni, kifaa, namna unavyopumua, mahali penyewe, na samaki awe mwisho. Ukifuata mpangilio huo, maswali mengi yanajifunga yenyewe kabla hujafika kwenye samaki.

Hatua ya 1: Jua maji ni ya nani

Tangu sheria ya mwaka 1953 iliyogawa ardhi ya chini ya bahari, majimbo mengi yana mamlaka hadi maili 3 za baharini kutoka pwani. Kuna majimbo mawili yenye upendeleo upande wa Ghuba ya Meksiko: Texas, na Florida kwa pwani yake ya magharibi. Hayo yanafika maili 9. Kwa hiyo Florida peke yake ina mipaka miwili: ukitokea Miami upande wa Atlantiki, maji ya jimbo yanaisha maili 3, ukitokea Tampa upande wa Ghuba, yanaendelea hadi maili 9. Kuanzia hapo hadi maili 200 ni maji ya shirikisho, chini ya sheria kuu ya uvuvi ya mwaka 1976.

Mpaka huu unabadilisha ukubwa wa samaki, idadi na msimu, na una athari kwa vifaa pia. Mfano mzuri ni yule samaki wa miamba wanayemwita hogfish, mwenye mdomo mrefu uliochongoka, ambaye wazamiaji wa Florida wanampenda kuliko wote. Upande wa Atlantiki, unaojumuisha visiwa vya Keys, lazima afike inchi 16 hadi kwenye mgawanyiko wa mkia, ni mmoja tu kwa mtu kwa siku, na msimu wake ni kuanzia 1 Mei hadi 31 Oktoba. Upande wa Ghuba inatosha inchi 14, unaruhusiwa watano, na msimu uko wazi mwaka mzima. Ni samaki yuleyule na jimbo lilelile, ila ukizunguka rasi na boti yako unaingia kwenye sheria nyingine.

Ndani ya maji hayo kuna maeneo yenye utawala wake. Hifadhi za Taifa za Everglades na Dry Tortugas zimepiga marufuku uvuvi wa mshale kabisa. Eneo la hifadhi ya bahari la Florida Keys lina vipande vidogo ambamo hata ndoano hairuhusiwi. California ina mtandao wa maeneo 124 ya hifadhi za bahari, uliotokana na sheria ya mwaka 1999 na kukamilika mwaka 2012. Baadhi unaweza kupiga samaki, mengine huwezi kuokota hata chaza. Kwa hiyo kabla ya kutoka, weka ramani ya maeneo hayo kwenye simu. Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida, FWC, huwaelekeza watu kwenye programu iitwayo Fish Rules, ambayo inasoma mahali ulipo na kukupa kanuni za hapo. Ni nzuri, lakini pakua data kabla, maana maili sita kutoka ufukweni mtandao haupo.

Hatua ya 2: Leseni

Florida hakuna leseni maalumu ya bunduki ya mshale. Unahitaji leseni ya kawaida ya uvuvi wa maji chumvi: mkazi wa jimbo analipa dola 17 kwa mwaka, asiye mkazi analipa dola 17 kwa siku 3, dola 30 kwa siku 7, au dola 47 kwa mwaka. Ukipanda boti ya kukodi yenye nahodha mwenye leseni ya biashara hiyo, leseni ya chombo inawafunika abiria.

Kuna leseni ya bure ya wakazi wanaovua kutoka ufukweni. Usiitegemee. Hiyo ni ya aliyesimama nchi kavu na mshipi wake. Ukishavaa miwani na kuzamia, umetoka nje yake. Na kama unatoka na boti binafsi kufuata samaki wa miamba kama chewa na wekundu wa jamii ya changu, jiandikishe pia kwenye orodha ya wavuvi wa samaki wa miamba. Haina malipo, lakini kutokuwa nayo ni kosa.

Hawaii imekuwa ya pekee kwa muda mrefu: mkazi havui kwa leseni baharini, lakini wageni wamewekewa leseni yao. California inataka leseni kwa kila aliyetimiza miaka 16, awe mkazi au mgeni. Na ukitaka jodari kwenye maji ya shirikisho upande wa Atlantiki au Ghuba, leseni ya jimbo haitoshi, chombo kinatakiwa kiwe na kibali cha shirikisho cha samaki wahamao. Hata ukiwa na kibali hicho, yule jodari mkubwa wa thamani wa Atlantiki, bluefin, hapigwi mshale. Papa vilevile.

Hatua ya 3: Kifaa chenyewe

Hapa ndipo penye utamu wa somo, na ndipo watu wengi wanaposoma haraka mno.

Sheria za Florida zinaweka chini ya neno moja kila kinachomkamata samaki kwa kumtoboa mwili: upinde, mkuki wa meno, mkuki wa mpira na bunduki ya mshale. Kwa hiyo anayedhani ameponyoka kwa kuwa "mimi nina mkuki tu, sina bunduki" hajaponyoka. Marufuku ya samaki na ya mahali yanamhusu sawasawa na mwenye bunduki ya mipira mitatu.

Vifaa utakavyokutana navyo dukani ni hivi. Kuna mkuki mrefu wenye mpira nyuma, unaouvuta kwa kiganja na kuuachia. Mkono wako ndio kifyatuo. Kuna manati ya Hawaii, ambayo mshale unapita ndani ya kipande cha mti chenye tundu na kurushwa na mpira, bila kifyatuo chochote. Kuna bunduki ya mipira, ya mbao au ya bomba la alumini, yenye kifyatuo kamili. Kuna bunduki ya upepo, inayosukuma mshale kwa hewa iliyoshindiliwa. Zote hizi Florida inaziruhusu kwenye maji chumvi, mahali panaporuhusiwa.

Kisichoruhusiwa kwenye maji ya jimbo la Florida ni kichwa cha mkuki kinacholipuka, yaani kile kibomba cha chuma kinachowekwa risasi halisi na kulipuka kikigusa samaki. Baruti, kemikali na kufyatua silaha ya moto majini ili kuua au kuvuna samaki navyo ni marufuku. Kuna wanaobeba kichwa hicho kwa kujikinga na papa. Ushauri wangu ni kukiacha nyumbani. Kwanza kina risasi, na hapo sheria za silaha za moto zinaanza kuingia. Pili, ukikutwa na chewa mwenye tundu la risasi hutakuwa na la kumweleza askari.

Sasa jambo la kukoki. Maeneo mengi hayakukatazi kupita na bunduki. Yanakukataza kuwa nayo ikiwa tayari. Kwenye hifadhi za jimbo la Florida, kama John Pennekamp kule Key Largo, kuwa na vifaa vya mshale ni kosa isipokuwa viwe havijakokiwa na vimehifadhiwa ipasavyo. Kwa vitendo: mpira umeshushwa, mshale umetolewa kwenye bunduki, na vyote viko ndani ya sanduku au mfuko, si vimelazwa juu ya kiti cha boti. Boti nyingi hulazimika kukatiza eneo la hifadhi ili kutoka nje. Hufanyi kosa kukatiza, unafanya kosa kukatiza ukiwa na bunduki iliyovutwa mpira pembeni ya mguu wako.

Maji baridi ni mlango mwingine uliofungwa. Florida inakataza uvuvi wa mshale chini ya maji kwenye mito, maziwa na chemchemi zake, na inakataza hata kuwa na bunduki ya mshale ndani au juu ya maji hayo. Hapa hakuna kisingizio cha kuwa hukufyatua. Wazamiaji wengi hujifunzia kwenye zile chemchemi safi za kaskazini ya jimbo, wakiwa na begi lilelile wanalotumia baharini. Toa bunduki kwenye begi kabla hujaondoka nyumbani.

Texas ina njia yake. Bunduki ya mshale ni halali, lakini kwa samaki wasio kwenye orodha ya "samaki wa michezo" tu. Orodha hiyo ina wale ambao mgeni angewataka kwanza, kama snuku, taponi, nguru, papa, na yule mwekundu mwenye doa jeusi mkiani, redfish, ambaye ni fahari ya pwani ile.

California inakataza kuwa na bunduki ya mshale au kuitumia ndani ya yadi 100 za mdomo wa kijito chochote kinachoingia baharini kaskazini ya Kaunti ya Ventura. Sababu ni samaki wa jamii ya salmoni na trauti, ambao hukusanyika mdomoni mwa mto wakisubiri maji ya kupandia. Angalia kuwa neno ni "kuwa na". Ukiogelea na bunduki yako kupita mdomo wa kijito kuelekea mwamba wa pili, umeshavunja kanuni.

Na kwa wanaotoka Florida kwa boti kwenda Bimini, ambako ni safari fupi tu: Bahamas hairuhusu bunduki yenye kifyatuo, wala kuvua kwa mtungi wa hewa. Manati ya Hawaii ndiyo kifaa kinachokubalika. Bunduki iliyokuwa halali asubuhi Miami inakuwa kosa kabla ya adhuhuri.

Hatua ya 4: Unapumuaje

Wavuvi wa kwetu huzamia kwa pumzi moja, kwa hiyo swali hili hulisahau. Florida inaruhusu kupiga samaki ukiwa na mtungi wa kawaida wa hewa. Hairuhusu ile mashine inayozungusha hewa uliyotoa na kuirudisha bila mapovu, isipokuwa unapowinda samaki-simba. Kwenye maji ya shirikisho ya Atlantiki ya kusini pia, anayetumia mashine hiyo hapigi samaki wa kundi la chewa na wekundu kwa mshale. Samaki hukimbia mapovu. Mzamiaji asiyetoa mapovu na anayeweza kukaa chini saa nyingi angefagia mwamba mzima.

Hawaii imekwenda mbali zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2013, pwani ya magharibi ya Kisiwa Kikubwa, upande wa Kona, ni marufuku kupiga samaki kwa mshale ukitumia mtungi. Na kanuni imefungwa pande zote: huruhusiwi kuwa na mtungi na mkuki kwa wakati mmoja, wala kuwa na mtungi pamoja na samaki aliyetobolewa. Kwa hiyo ujanja wa "mtungi ni wa mwenzangu, mkuki ni wangu" ndani ya boti moja ni wa kuuepuka.

Hatua ya 5: Pima umbali

Hizi za Florida ziandike kwenye kikaratasi na ukibandike kwenye boti. Huruhusiwi kupiga samaki kwa mshale:

- ndani ya yadi 100 (kama mita 91) za ufukwe wa umma wa kuogelea, gati la uvuvi la umma au la biashara, au sehemu yoyote ya daraja ambako watu wanaruhusiwa kuvua;
- ndani ya futi 100 (kama mita 30) za sehemu ya ukuta wa mawimbi iliyojitokeza juu ya maji; kuta ndefu sana, zinazozidi yadi 1,500 kutoka pwani, yadi 500 za mwisho zinaachwa wazi;
- kwenye Kaunti ya Collier;
- kwenye Kaunti ya Monroe, kuanzia Long Key kupanda kaskazini hadi mpaka wa Kaunti ya Miami-Dade.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumiza wageni. Anayeshuka kwa gari kutoka Miami, maji ya kwanza mazuri anayoyaona ni ya Key Largo na Islamorada. Anaegesha, anaingia. Maji ya jimbo hapo yote yamefungwa kwa mshale. Endelea na barabara hadi uvuke Long Key, kisha fungua ramani ya hifadhi, kwa sababu huko kusini nako kuna vipande vilivyofungwa, kama eneo la Looe Key.

Miamba ya daraja huwa na samaki wengi, na yadi 100 ukiwa ndani ya maji ni ndefu kuliko unavyodhani. Usikadirie kwa jicho. Weka alama ya daraja kwenye GPS, kisha nanga nje ya duara hilo ukiacha nafasi ya mkondo kukusukuma.

Hatua ya 6: Samaki

Mwenye ndoano akikosea anamrudisha samaki majini. Mwenye mshale hana kurudisha. Kwa sababu hiyo majimbo yana orodha ya samaki wasiopigwa kabisa kwa mshale, hata wale ambao kwa ndoano ni halali.

Ya Florida ni ndefu. Jamii zote za nduaro na sulisuli. Papa. Taa yule mwenye madoa meupe mgongoni na yule mkubwa mwenye pembe. Chewa wawili, Goliath na wa Nassau. Snuku, taponi, pompano, na yule mwekundu mwenye doa mkiani. Kambakoche hawaguswi kwa mshale. Wanakamatwa kwa mkono na wavu mdogo, na mzoga uliotobolewa ni ushahidi dhidi yako. Kaa wa bluu na kaa wa mawe vilevile.

Halafu lipo kundi ambalo mtu wa pwani yetu lazima alisome mara mbili, maana kwetu ni kitoweo cha kila siku: pono wote, puju na jamaa zake, vipepeo, bunju, na vikande, isipokuwa aina mbili tu za vikande wakubwa. Kwetu pono ni mchuzi. Florida pono ni mlinzi wa matumbawe, anakwangua mwani unaoyafunika, na kumpiga mshale ni kosa hata awe mkubwa namna gani.

California ina orodha fupi: yule samaki mkubwa mweusi aitwaye giant sea bass, anayekuwa mzito kama fahali, chewa wawili wa Ghuba ya California, salmoni, trauti, samaki-upanga, na garibaldi, samaki wa rangi ya chungwa ambaye ni samaki rasmi wa bahari wa jimbo. Garibaldi hakukimbii, anakusogelea usoni kutetea yai lake. Usimguse. Hawaii haikuruhusu kupiga kambakoche kwa mkuki, wala kasa, na saizi za chini zinamhusu mpiga mshale kama zinavyomhusu mwenye mshipi.

Kuhusu saizi, kumbuka kuwa miwani ya kuzamia humkuza samaki kwa takriban theluthi moja. Chewa wa aina ya gag anatakiwa inchi 24. Chini ya maji wa inchi 19 anakuonyesha kama ametimia. Wazamiaji makini huchora alama za inchi kwenye mshale au kwenye mwili wa bunduki kwa rangi isiyotoka, wanamlinganisha samaki akiwa ubavu, na akiwa na mashaka wanamwacha. Kipimo kilichoko majini hukuzwa sawasawa na samaki, ndiyo maana hakidanganyi. Ukimtoa, mlete nchi kavu na kichwa na mkia. Kumkata vipande ndani ya boti kunamnyima askari nafasi ya kumpima, na hilo lenyewe ni kosa.

Samaki kutotajwa popote kwenye kanuni za Florida hakumaanishi ruhusa isiyo na mwisho: kiwango cha kawaida ni samaki wawili au paundi 100 kwa mtu kwa siku, kile kilicho kikubwa zaidi.

Mmoja tu amefunguliwa mlango wote, naye ni samaki-simba, yule mwenye mapezi ya sumu yaliyotawanyika. Asili yake ni bahari yetu ya Hindi na Pasifiki. Huku ni mvamizi anayemaliza watoto wa samaki wengine. Hana saizi, hana idadi, hana msimu. Ukimpiga kwa mkuki wa mpira, manati ya Hawaii, au kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake, huhitaji hata leseni. Ukitumia bunduki ya kawaida, leseni inarudi. Kwa anayeanza, sioni shule nzuri kuliko hii: samaki asiyekimbia, asiye na mashaka ya kisheria, na nyama yake tamu. Vaa glavu.

Nje ya bahari mambo yanageuka tena. Wisconsin wana msimu wa kupiga sturgeoni kwa mkuki kupitia tundu la barafu kwenye Ziwa Winnebago, unaoanza Jumamosi ya pili ya Februari na hauzidi siku 16. Leseni inanunuliwa kabla ya mwisho wa Oktoba mwaka uliotangulia, na samaki lazima afike inchi 36. Sijui ni nani atakayetoka Lamu akakae juu ya barafu kusubiri samaki, ila ruhusa ipo.

Hatua ya 7: Bendera

Bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari ni lazima Florida kila mtu anapokuwa chini. Juu ya boti iwe angalau inchi 20 kwa 24, mahali pa juu panapoonekana pande zote. Juu ya boya lako iwe angalau inchi 12 kwa 12, yenye kijiti cha kuikaza isinywee. Ukiwa bahari ya wazi usitoke zaidi ya futi 300 kutoka kwenye bendera. Kwenye mito, milango ya bahari na njia za meli, futi 100. Boti zingine nazo zinatakiwa kujitahidi kukaa nje ya umbali huohuo. Mkishapanda wote, ishusheni. Bendera inayopepea siku nzima bila mtu majini inawafundisha manahodha kuipuuza, na sheria inaikataza.

Hatua ya 8: Askari wa wanyamapori akikusogelea

Weka bunduki chini, mpira umeshuka, mshale nje. Hawa ni askari kamili, wenye silaha, na wana mamlaka ya kukagua leseni, samaki na vifaa. Mwonyeshe alichoomba, ongea kwa utulivu, usitupe kitu majini.

Makosa mengi ya namna hii Florida ni jinai ndogo, ambayo kwa mara ya kwanza inaweza kufika faini ya dola 500 na siku 60 jela. Kwa raia ni usumbufu. Kwa mgeni mwenye viza au kadi ya ukaazi ni zaidi ya hapo, kwa kuwa fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa hati ya kosa na askari. Ukipewa hati, usilipe haraka ili yaishe. Kulipa mara nyingi ni kukiri. Muone kwanza mwanasheria anayejua mambo ya uhamiaji. Na usidhani utahamia jimbo jingine ukaanze upya: karibu majimbo yote yamo kwenye mkataba wa kutambuana, leseni ikifungiwa moja inafungiwa na kwingine.

La kuuza, jibu ni hapana. Leseni ya burudani haikupi haki ya kumuuzia mtu hata samaki mmoja, iwe kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa mjini kwenu au nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Kumgawia jirani ni sawa. Ukivusha mpaka wa jimbo samaki waliovuliwa kinyume cha sheria, unaingia kwenye Sheria ya Lacey ya mwaka 1900, na hapo unaongea na serikali ya shirikisho.

Kusafiri na bunduki

Kwenye ndege inaingia kwenye mzigo wa chini tu, kamwe si mkononi. Ncha ifunikwe, mipira itolewe, ya upepo itolewe hewa yote. Bunduki ndefu huangukia kwenye mizigo ya ukubwa usio wa kawaida, kwa hiyo piga simu shirika la ndege kuuliza gharama kabla ya kufika uwanjani.

Ukipanga likizo ya nyumbani, iache Marekani. Kenya ilizipiga marufuku bunduki za samaki pamoja na nyavu za kukokota kwa tangazo la gazeti la serikali mwaka 2001. Tanzania Bara zimekatazwa kwenye Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, na Zanzibar nako hairuhusiwi. Kuwa na leseni ya Florida mfukoni hakubadili kitu mbele ya afisa uvuvi wa Kwale au Kilwa. Beba miwani na mapezi, na bunduki mwachie mwenzako aliyebaki, ikiwa imeshushwa mpira na kuoshwa chumvi.